Mchungaji akihamishwa: mizani ya Ezra na daftari la makabidhiano

Barua ya uhamisho husomwa mwisho wa ibada, baada ya matangazo ya ndoa na kabla ya baraka. Mzee wa zamu hajamaliza kufunga madirisha, habari imeshavuka bahari: aliyeko Mkunazini kampigia wa Wete, wa Wete kamwambia wa Chake, na jioni kila mtu ana toleo lake. Mmoja kasikia mchungaji kakosana na wakubwa. Mwengine kasikia anayekuja ni mtu wa bara asiyevijua visiwa, atabadili saa ya ibada, ataivunja kwaya. Wa tatu hasemi kitu, ila Jumapili inayofuata haonekani.

Hofu hiyo ina sababu zake. Wakristo wa Unguja na Pemba ni wachache, na wengi wao walifuata kazi: hoteli, jeshi, hospitali, skuli. Hapa hawana mjomba wala shangazi. Mchungaji ndiye anayewasimamia kwenye msiba, ndiye anayekwenda kwa sheha, kiongozi wa shehia, pakitokea jambo, ndiye anayejua binti wa nani amelazwa Mnazi Mmoja. Akiondoka, mtu anahisi kama ukoo wake wa kisiwani umevunjwa kwa barua ya ukurasa mmoja. Kwa hiyo sioni haja ya kuwakemea watu madhabahuni kwamba wamekosa imani kwa kuwa wameogopa. Zaburi ya 56 haisemi “sitaogopa kamwe” kabla ya kukiri kwanza: “Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe.” Siku ya hofu ipo, na imepewa nafasi yake ndani ya sala.

Ninalolipinga ni dawa inayotolewa upesi mno: “Tumwachie Mungu.” Likishatamkwa, kikao kinafungwa, chai inaletwa, na hakuna aliyeuliza kadi ya benki iko kwa nani. Ukimwachia Mungu huku daftari la fedha hukulikabidhi, hakika yake umemwachia mhazini.

Ezra alikuwa na hofu ya kweli. Katika sura ya 8 ya kitabu chake anakusanya watu kando ya mto Ahava ili warudi Yerusalemu, safari ndefu yenye maadui njiani, pamoja na watoto na mali. Anaona haya kumwomba mfalme askari, kwa kuwa alishamwambia kwamba mkono wa Mungu uko juu ya wote wamtafutao. Kwa hiyo wanafunga na kuomba. Mahubiri mengi huishia hapo, na hapo ndipo sura inaponoga. Baada ya kuomba, Ezra anachagua makuhani 12 na kuwapimia mzigo: talanta 650 za fedha, vyombo vya fedha vya talanta 100, dhahabu talanta 100, mabakuli 20 ya dhahabu, vyombo 2 vya shaba nzuri. Wanafika Yerusalemu, wanapumzika siku 3, na siku ya nne kila kitu kinapimwa tena kwa hesabu na kwa uzani, na uzani wote unaandikwa. Mizani mara mbili, mwanzo na mwisho wa njia. Mtu aliyekataa askari kwa sababu ya imani hakukataa mizani. Alijua maadui wa njiani ni kazi ya Mungu kuwazuia, na kujua bakuli la ishirini liko wapi ni kazi ya makuhani. Kanisa linalopita kwenye mabadiliko likiweza kutenga kazi hizo mbili, nusu ya hofu inapata mahali pa kukaa.

Njia ya kuzitenga ni rahisi, lakini inataka utulivu. Jumapili ya pili baada ya tangazo (si ya kwanza, siku hiyo watu bado wamechomwa), wabaki dakika 45. Kata karatasi za A4 vipande vinne vinne, kila mtu apate kipande na kalamu, pasiandikwe majina. Swali liwe moja tu: “Unaogopa nini hasa mchungaji akiondoka?” Ukiuliza “mna maoni gani” utapata hotuba, na watakaozitoa ni wale wale watatu. Asiyejua kuandika akaandikiwe na mtu anayemchagua mwenyewe. Vipande vikusanywe kwenye kikapu cha sadaka, kisha watu wawili wanaoaminika, ikiwezekana mama mmoja na kijana mmoja, wavisome na kuvipanga mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mambo ambayo mtu na tarehe vinaweza kuyamaliza: fedha, funguo, nyumba, mita ya umeme, deni la fundi. La pili ni la askofu au ofisi ya dayosisi: nani anakuja, lini, patakuwa na pengo la miezi mingapi, nani atahudumu kipindi hicho. Hayo yaandikiwe barua moja yenye maswali yasiyozidi matano, ipelekwe na katibu, nakala ibaki. Fungu la tatu halina afisa wa kulijibu. Atakayenizika atanijua? Watoto wangu watabaki kanisani? Sisi tuliobaki tutakwisha?

Kanisa hupoteza nguvu nyingi pale mafungu haya yanapochanganyika. Watu wanafunga siku tatu kwa ajili ya akaunti ya benki iliyohitaji barua na picha mbili za pasipoti, halafu wanamwandikia askofu barua ndefu ya kumlalamikia juu ya upweke wao. Kosa jengine ni mchungaji anayeondoka kuvisoma vile vipande mbele ya watu. Miandiko inajulikana, kanisa ni dogo, na mzee mwenye sauti atataka kumjibu kila mmoja.

Sasa fedha, kwa sababu hofu nyingi zikivuliwa nguo zinaonekana kuwa za fedha.

Waweka saini wa akaunti wabadilishwe kabla mchungaji hajapanda boti. Kwa kawaida benki itataka muhtasari wa kikao uliotiwa saini, barua ya kanisa, vitambulisho na picha za wapya, na mara nyingi wale wa zamani waje wenyewe. Akishaondoka kwenda Tanga au Masasi, jambo la asubuhi moja linakuwa la miezi, na kanisa lenye fedha benki linakopa fedha ya mafuta ya jenereta. Anza wiki sita kabla. Waweka saini wawe watatu, wawili kati yao watoshe kutoa fedha, na asiwepo mume na mke pamoja.

Namba ya simu ya sadaka ndiyo mtego wa siku hizi. Laini husajiliwa kwa alama ya kidole cha mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mchungaji au mhazini aliyejitolea kwa nia njema. Akiondoka, sadaka zinamfuata alipo, naye anaona haya kuzitaja, na kanisa linaona haya kuziuliza. Chukueni lipa namba kwa jina la kanisa, tangazeni namba mpya Jumapili nne mfululizo, kisha ile ya zamani ifungwe kabisa. Ikiachwa wazi “kwa wale wasiojua”, itabaki wazi miaka mitatu.

Siku ya makabidhiano fedha taslimu ihesabiwe na watu watatu kwa aina ya noti: za 10,000 ngapi, za 5,000 ngapi, 2,000, 1,000, halafu sarafu. Jumla ilinganishwe na daftari. Ikiwa pana tofauti, hata ya shilingi 2,000, iandikwe ilivyo. Kuna tabia ya mtu mwema kutoa noti mfukoni ili hesabu ikae sawa na shughuli iende. Mzuieni. Ukurasa wa kwanza wa zama mpya utakuwa umeanza na uongo mdogo wenye harufu ya wema, na atakayekuja kuugundua hataamini kilichobaki.

Madeni nayo yana ukurasa wake: duka la vifaa vya ujenzi, fundi wa viti, mshahara wa mlinzi, michango ya waajiriwa ya ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii Zanzibar) kama ipo. Na baada ya ukurasa wa madeni uje ukurasa ambao makanisa mengi hayana, nao ndio ningeuokoa kwanza nyumba ikiungua: ukurasa wa ahadi. Mchungaji kwa miaka yake ameahidi mengi kwa mdomo. Amemwambia mjane kanisa litamlipia mtoto ada ya muhula wa pili. Amewaambia vijana watapewa kile chumba cha nyuma. Amemruhusu jirani apitishe bomba la maji kwenye kiwanja. Anayekuja hajui, anakataa, na mjane anaondoka akisema “huyu hatupendi”. Hapo hakuna roho ya mafarakano ya kukemewa. Kuna ahadi isiyoandikwa. Anayeondoka akae na katibu saa mbili, ataje jina kwa jina, na kila ahadi iandikwe: nani, nini, mpaka lini, na kama kikao kiliijua. Mambo ya siri ya maungamo na ushauri hayamo humu, hayo anaondoka nayo moyoni.

Umeme wa tukuza, yaani wa kulipia kabla: andika namba ya mita ya kanisa na ya nyumba ya mchungaji, na uniti zilizobaki siku hiyo. Maji: bili ya mwisho. Funguo: kila moja ifungiwe kibati au kipande cha kadibodi chenye jina la mlango, na iandikwe ziko ngapi na ziko kwa nani. Kama hakuna anayejua funguo za sakristia zimesambaa kwa watu wangapi, badilisheni kitasa. Ni rahisi kuliko kumshuku mtu.

Vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa visiondoke kwenye jengo, hata kwa “kwenda kumalizia kuandika”. Kwenye makanisa ya zamani ya visiwani vitabu hivi ndivyo kumbukumbu pekee ya nani alikuwa mtoto wa nani. Adui wao ni unyevu wa pwani, mchwa na nailoni. Watu huvifunga kwenye mfuko wa nailoni wakidhani wanavilinda. Jasho la karatasi linabaki ndani na kurasa zinaota ukungu. Vifunikwe kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila kuachwa na sabuni, viwekwe kabatini, rafu ya chini iwe walau sentimita 15 juu ya sakafu, kabati lisigusane na ukuta. Kila ukurasa upigwe picha kwa simu mchana karibu na dirisha, bila mwanga wa kamera, na picha zihifadhiwe sehemu mbili. Kabla ya kukabidhi, mchungaji atie saini kila ubatizo aliouacha bila saini. Utashangaa ni mingapi.

Karatasi za ardhi ziwe kwenye orodha hiyo hiyo. Zanzibar ardhi ni mali ya umma chini ya dola, na tunachokuwa nacho ni haki ya kuitumia. Kwa hiyo hati ya haki hiyo, ramani ya kiwanja na karatasi za usajili vina uzito ambao mgeni kutoka bara huenda asiujue. Nakala moja ikae dayosisini, moja kwa wazee, na asili ikae mahali pamoja panapojulikana na watu wawili.

Kuhusu jengo nitasema kwa ukali kidogo. Hofu ya kwamba “atakuja kubomoa” mara nyingi inatimizwa na mtu mwema mwenye saruji. Kuta za zamani za Mji Mkongwe na za makanisa ya misheni ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiupaka lipu ya saruji, maji yanafungwa ndani, chumvi inasukuma kutoka nyuma, na baada ya misimu michache lipu inavimba na kuanguka pamoja na ngozi ya ukuta wenyewe. Kisha watu wanasema fundi hakutia saruji ya kutosha, wanaongeza. Basi katika daftari la makabidhiano pawe na ukurasa wenye kichwa “Uliza kabla ya kugusa”: kuta zipi ni za chokaa, boriti za mikandaa ziko wapi, paa linavuja upande gani upepo wa kusi ukivuma, na kwamba ndani ya eneo la Mji Mkongwe ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe inahitajika kabla ya kubadili chochote. Mgeni mwenye ukurasa huo ataonekana mtu mwenye busara tangu mwezi wa kwanza, na wenyeji watapumua.

Kalenda ya visiwa nayo iangaliwe. Msipange kuhama katikati ya masika, Machi hadi Mei, kama mnaweza kukwepa: vitabu na magodoro vinalowa bandarini, na njia za mashamba Pemba zinakuwa matope. Aprili na Mei hoteli nyingi hufungwa au hupunguza watu, na waumini wanaozifanyia kazi hurudi kwao bara. Ukimwingiza mchungaji mpya Aprili, viti vitakuwa vitupu kwa sababu ambayo haimhusu, na wapo watakaosema “mmeona?” Hesabu ya mahudhurio ilinganishwe Mei na Mei ya mwaka uliopita. Kulinganisha Februari na Mei ni kujidanganya. Pemba, msimu wa karafuu huwatoa watu kanisani pia, lakini unaleta fedha mikononi, na ni wakati mzuri wa kumaliza madeni.

Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo iangalieni kabla ya kuweka tarehe ya karamu ya kuaga. Karamu ya mchana yenye sufuria uani na ngoma wakati majirani wamefunga haina adabu, hata kama hakuna atakayekuja kulalamika. Iwekeni baada ya Idi, muwaalike majirani. Sheha aarifiwe, na mchungaji anayeondoka aende kumuaga rasmi, na yule mpya apelekwe kwake wiki ya kwanza akiwa na barua na kitambulisho; sheha ndiye mwenye daftari la wakaazi wa shehia, na mgeni asiyejulishwa ni mgeni asiye na mwenyeji. Aende na mzee wa kanisa aliyekaa mtaani hapo siku nyingi, ambaye atajua kuuliza hali ya nyumba nzima kabla ya kufika kwenye shabaha. Mchungaji wa bara mwenye haraka husema jambo lake katika sentensi ya kwanza, akadhaniwa ana kiburi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Wengine wananong'ona methali nyengine: usiache mbachao kwa msala upitao. Zote mbili ni za hapa hapa, na zote zina haki yake. Mgeni atakuja na dawa, lakini kwanza aonyeshwe mkeka uliokaliwa miaka yote.

Kwa hiyo siku 90 za kwanza mchungaji mpya asibadili saa ya ibada, mpangilio wa ibada, sauti za nyimbo wala mahali mabibi wanapokaa. Anaweza kuona wazi kwamba kuanza ibada saa moja na nusu kungefaa kuliko saa mbili; anyamaze. Atumie muda huo kutembelea: wagonjwa na wazee katika siku 30 za kwanza, kisha nyumba nyengine, akifuatana na mtu asiyependa kusema sana. Yapo mambo mawili yasiyosubiri siku 90: fedha inayovuja, na usalama wa watoto. Akikuta mtu mzima anabaki peke yake na mtoto ofisini au kwenye chumba cha kwaya, abadili siku hiyo hiyo na kueleza kwa nini.

Aliyeondoka naye ana sheria yake, ngumu kuliko zote. Simu zitapigwa. “Baba, huyu uliyetuachia…” Jibu liwe fupi na la upole: “Dada yangu, hilo mpelekee mchungaji wenu. Mimi nakuombea.” Kisha azungumze habari za watoto. Miezi sita ya mwanzo asirudi kufungisha ndoa wala kuzika bila mwaliko wa aliyeko, na kwenye makundi ya WhatsApp ya kanisa la zamani ajiondoe siku anayoondoka, baada ya kuaga. Paulo aliwaita wazee wa Efeso Mileto, wakalia, wakambusu, wakamsindikiza mpaka merikebuni. Kulia kunaruhusiwa kabisa. Halafu merikebu iondoke kweli.

Fungu la tatu la karatasi sijalisahau. Hilo ndilo la maombi. Wiki za katikati, kati ya tangazo na kuondoka, fanyeni sala ya nusu saa kila Jumatano jioni. Dakika tano za kimya kwanza, kimya cha kweli, simu zimezimwa. Kisha Zaburi moja isomwe taratibu: 27, 46, 56, 121, zinatosha kuzungushwa. Kisha hofu za fungu la tatu zisomwe mbili au tatu, neno kwa neno kama zilivyoandikwa, bila maelezo, na baada ya kila moja watu wajibu pamoja: “Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe.” Mtu mwenye hofu hiyo yumo ndani, anasikia maneno yake mwenyewe yakichukuliwa na sauti arobaini, na hakuna anayejua ni yake.

Maombi haya huharibika kwa njia moja hasa, nayo ni mtu kumpa Mungu habari ili binadamu wazisikie. “Bwana, wewe unajua jinsi kanisa hili lilivyofanyiwa…” Au kumwombea anayekuja kana kwamba ni mgonjwa: “Bwana, mbadilishe kabla hajafika.” Kiongozi akisikia hivyo, asikemee, aanzishe wimbo. Watu wazima wataelewa.

Na msomaji wa Jumatano asome pia mwanzo wa Yoshua. Mungu hakumzungusha Yoshua kwa maneno ya faraja. Anaanza na habari yenyewe: Musa mtumishi wangu amekufa. Ndipo anasema ondoka, vuka. Makanisa yetu hupenda kuficha sehemu ya kwanza, yakisema mchungaji “anakwenda kidogo masomoni”. Watu wakigundua harudi, wanaacha kuamini hata matangazo ya ndoa. Naye Yoshua, baada ya kuambiwa asiogope, aliwaagiza watu watayarishe vyakula kwa kuwa baada ya siku tatu watavuka. Chakula kwanza, mto baadaye.

Anayehitaji ushahidi wa karibu zaidi ya Yordani aende Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana la Mji Mkongwe. Misheni iliyojenga kanisa lile ilikuja Zanzibar mwaka 1864 baada ya kushindwa bara, huko inakoitwa Malawi leo. Askofu wake wa kwanza, Mackenzie, alifariki mwaka 1862, na mrithi wake Tozer alipoamua kuhamia kisiwani, Livingstone aliona ni kurudi nyuma kwa aibu. Tozer mwenyewe aliacha kazi kwa maradhi mwaka 1873. Mwaka huo huo soko la watumwa lilifungwa, na tarehe 25 Desemba 1873, kwenye kiwanja cha soko lile, liliwekwa jiwe la msingi. Angalia tarehe. Askofu mmoja ameshaondoka, na mrithi wake, Edward Steere, hajawekwa wakfu kuwa askofu hadi 1874. Jiwe liliwekwa katikati ya pengo, kipindi kile ambacho kamati zetu husema “tusifanye lolote mpaka mkubwa aje”.

Steere akaja na wazo la paa la kuba, matumbawe na saruji. (Ndiyo, saruji, lakini kwenye paa jipya aliloliundia hesabu yake, si juu ya ukuta wa chokaa.) Watu wakasema litaanguka. Halijaanguka. Na ukiingia, karibu na mahali pa ubatizo, utaonyeshwa nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu; inaelezwa kwamba mafundi waliziweka hivyo Steere akiwa hayupo, naye aliporudi akaziacha. Sijui kisa cha kukabidhiana kazi kilicho kizuri kuliko hicho. Kiongozi hayupo, kazi imeendelea, imekosewa, na kosa halikuwa la kubomolea kanisa. Mchungaji mpya atakuta nguzo kadhaa za namna hiyo kwenye usharika wake. Nyengine azigeuze. Nyengine zinabeba paa vizuri tu.

Zimebaki zile karatasi. Mafungu yote matatu yatiwe ndani ya bahasha moja, iandikwe tarehe juu, ifungwe kwa gundi na wazee watatu watie saini juu ya mshono. Ikae na vitabu vya ubatizo. Baada ya miezi 12, mchungaji mpya akiwa ameshazoea, kikao cha wazee kiifungue na kusoma hofu moja moja. Ile iliyotokea iwekwe alama kwa kalamu nyekundu na iandikwe ilishughulikiwaje. Ile isiyotokea iwekwe alama ya bluu. Ile ambayo bado haijulikani iachwe ilivyo, irudi kwenye bahasha, na Jumatano ile isomwe tena.